Koki ya Chini ya Ngazi

Mashua ilikuwa inazama na Inspekta hakujua kuogelea. Mambo hayo mawili yalitosha kumharibia mtu mchana wake, lakini kulikuwa na la tatu: fundi pekee aliyeweza kuizuia isizame alikuwa amesimama kando yake pale gatini, pingu mikononi, kwa kosa la kuizamisha.

"Nifungue, afande," fundi alisema. "Tundu halizibwi kwa mdomo."

"Lingezibwa kwa mdomo, wewe ungekuwa umeshaliziba," Sajini alimjibu.

Watu wa gatini walimwita Koleo. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake, wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi wake, ambao ukishabana kitu hauachii. Leo ulimi ulikuwa ukibana vilevile, ila sauti ilikuwa inatetemeka, na Inspekta aliliona hilo akaliweka akiba.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na wepesi huo ndio uliomkosesha usingizi. Juzi asubuhi mwenye mashua aliokotwa majini akiwa maiti, ana jeraha kwenye paji la uso. Kila mtu alimwita Nahodha, ingawa maisha yake yote alikuwa daktari wa meno na hakuwahi kuongoza chombo kingine chochote zaidi ya hiki kizee cha mbao chenye mlingoti mmoja, alichokihangaikia kuliko alivyojihangaikia mwenyewe. Mashua ilikutwa kwenye boya lake, imejaa maji nusu. Watu wa zimamoto wakaivuta mpaka gatini wakaitia pampu. Sajini alipopiga tochi chini ya ngazi ya kushukia ndani, aliona maji yakibubujika penye bomba la shaba, lile fupi linalopenya ubao wa chini ili injini ivute maji ya bahari ya kujipoozea. Bomba hilo na koki iliyo juu yake vilikuwa vipya, na aliyevifunga ni Koleo.

Basi hadithi ikajitunga yenyewe. Fundi kafunga shaba mbovu, shaba imekatika, mzee kaogelea kwenda kuokoa mashua yake, kateleza, kajigonga, kafa. Kuua bila kukusudia. Mkuu wa kituo alishaipenda hadithi hiyo na alitaka sahihi ya Inspekta kabla ofisi hazijafungwa. Kesho Koleo angepandishwa kizimbani, na kwa umri wake kifungo chochote kile kingekuwa cha maisha.

"Bado viatu vinanisumbua," Inspekta alimwambia Sajini.

"Viatu gani tena, afande?"

"Vya marehemu. Alitolewa majini navyo miguuni, kamba hazijafungwa. Nani anaogelea na viatu?"

"Mzee alikuwa anaogelea kwenda kwenye mashua yake kila asubuhi. Gati nzima inajua."

"Na viatu?"

Sajini akakuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, lakini swali likimshinda alilikuna badala ya kulijibu.

"Tuseme hakuogelea," Inspekta aliendelea, akanyoosha kidole kwenye kihori, kile kimashua kidogo cha makasia kilichofungwa kwenye nguzo ya gati. "Tuseme alikwenda na hicho. Kimerudije hapa bila yeye?"

Kabla Sajini hajapata pengine pa kujikuna, mkubwa wa zimamoto alikuja akikimbia huku kofia yake ikimrukaruka kichwani. Kulikuwa na moto ghala la magodoro, alisema, na pampu zote zinatakiwa. Ya hapa pia. Aliomba radhi, lakini mashua haina watu ndani na ghala linao.

"Tupe muda kidogo," Inspekta alisema.

"Muda wa kukunja mipira tu, afande. Nikiizima, hii haitachukua muda mrefu. Tazama ilivyoinama."

Wote wakatazama. Pampu ilikuwa ikinguruma na kutapika maji kwa bomba nene, na bado mashua ilikuwa imelalia ubavu mmoja kama mgonjwa anayetafuta upande usiouma. Chini yake, Koleo alieleza bila kuulizwa, kina ni kirefu na sakafu ni tope. Ikishuka hapo haipandi tena. "Na shaba yangu itashuka nayo," alisema. "Mtabaki na maneno ya Sajini na tochi yake."

"Ukienda kupigilia kizibo, ukingo wa bomba utapondeka," Inspekta alisema. "Hakuna atakayeweza kusema tena lilikatika vipi. Watasema umeharibu ushahidi, na mimi nimekusaidia."

"Na tusipopigilia?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida yote. Wakiziba wanaharibu, wasipoziba wanapoteza. Inspekta alitazama maji meusi kati ya gati na mashua, akayachukia, kisha akavua viatu.

"Nitashuka mimi kwanza nilishike kwa mkono wangu. Nikishamaliza, utaziba. Sajini, mfungue mkono mmoja. Pingu ibaki kwenye mwingine."

"Afande, wewe hujui—"

"Najua nisichokijua. Mfungue."

Walipokanyaga sitaha, Koleo alisimama ghafla. Kando ya usukani kulikuwa na pampu ya mkono, ya chuma, iliyofungwa kwa skrubu, na juu yake tundu tupu la kuchomeka mpini.

"Mpini wake uko wapi?"

"Mpini ni kitu gani mbele ya hili?" Sajini alipaza sauti kutoka gatini.

"Ni kitu kikubwa. Mzee alikuwa anaweza kukusahau wewe, jina lako na ukoo wako wote. Mpini wa pampu hakuwahi kuusahau. Hukaa hapa, kwenye klipu hii. Upo kila siku." Koleo aliigusa ile klipu tupu kwa kidole, na pingu ikagonga mbao. "Leo haupo."

Inspekta alitazama pia swichi ya injini, pale pale karibu na usukani. Ufunguo ulikuwa ndani yake, una kibao kidogo chekundu cha plastiki. Sajini alikuwa ameutaja juzi katika maelezo yake na hakuna aliyejali, kwa kuwa ufunguo ndani ya swichi haumshangazi mtu yeyote.

Ndani kulikuwa na giza na harufu. Maji yalimfika Inspekta magotini, baridi, yana utando wa dizeli unaong'aa kila tochi ilipopita. Mito ya viti ilikuwa ikielea. Kikombe kilikuja kikamgonga paja, akaruka, akajiona mjinga. Koleo alikuwa ameshaing'oa ngazi na kuiegemeza pembeni, maana injini ilikuwa nyuma yake, na chini ya injini ndiyo ngama, lile shimo la chini kabisa maji yanakojikusanya. Alisimama, akanusa.

"Mpira umeungua."

"Mpira gani?"

"Ule wa ndani ya pampu ya injini. Nusa. Huo si moshi wa dizeli." Aliinamisha uso karibu na chuma cha injini. "Hii iliwashwa bila maji, afande. Inakunywa bahari kupitia koki ile ya chini. Koki ikiwa imefungwa, inaungua kwa kiu. Moshi wake ni mweupe, unatisha, mtu akiuona anadhani chombo chote kinawaka."

"Nahodha alisahau kufungua koki?"

"Hawezi."

"Mzee Koleo, watu wazima wanasahau."

"Sikusema hasahau. Alikuwa anatafuta miwani huku ameivaa. Nimesema hawezi kuisahau koki. Ameweka—"

Pampu ya zimamoto ikazimika.

Hakuna aliyemaliza sentensi. Kimya kilichoingia kilikuwa kibaya kuliko ile ngurumo, kwa sababu sasa walisikia sauti iliyokuwa chini yake muda wote: maji yakiingia, taratibu, bila haraka yoyote. Huko juu mipira iliburutwa kwenye zege. Mashua ikaegemea zaidi na mlango wa kabati ukafunguka wenyewe.

"Sasa, mama," Koleo alisema. Hakumwita afande safari hii. "Kama unaingiza mkono, ingiza sasa."

Inspekta alipiga magoti. Maji yakampanda mpaka kifuani na pumzi ikamkatika. Aliuma tochi kwa meno, akazamisha mkono hadi begani, shavu lake likagusa injini. Vidole vyake vikakuta chuma kirefu kilichokaa mshazari.

"Kuna fimbo ya chuma," alisema kwa shida. "Imevalishwa juu ya kishikio cha koki. Ina tundu upande wa huku."

"Ndiyo mpini wa pampu." Sauti ya Koleo ilishuka. "Kuna mtu kautumia kuongezea nguvu. Kishikio kimelala sambamba na bomba au kimekata msalaba?"

"Kimekata. Kimekata kupita kiasi."

"Basi koki imefungwa, na mtu akazidi kuikaza kwenda huko huko kwenye kufunga. Shuka chini yake. Kuna shingo ya bomba."

Inspekta aliihisi koki ikicheza ovyo mkononi, imeshikwa na bomba la mpira la injini tu. Chini yake maji yalimsukuma kiganja kwa nguvu, kama mtu anayekataa kusalimiwa.

"Nimefika."

Inspekta alipomwangaza Koleo kwa tochi, alimwona amefumba macho, na ule uso wa ubishi umemlegea wote.

"Afande, niambie ukweli," alisema. "Nilinunua shaba ile kwa mtu nisiyemjua. Toka juzi najiuliza mle mahabusu. Shaba mbovu ikikaa majini inakuwa kama biskuti. Ukiisugua kwa ukucha, inamong'onyoka. Isugue."

Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kikiitetemesha sauti yake. Huyu mtu hakuwa anaogopa kizimba. Alikuwa anaogopa kwamba wanasema kweli.

Inspekta alisugua. Ukucha ukateleza. Akasugua tena, akafuata ukingo kwa kidole pole pole, mzunguko mzima, akajikata.

"Haimong'onyoki. Ni ngumu. Ukingo umepinda wote upande mmoja, kama kitambaa kilichokamuliwa."

"Imesokotwa?"

"Imesokotwa."

Koleo alikaa chini palepale, majini, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Inspekta angemwachia acheke, ila maji sasa yalikuwa yakimgusa kidevu.

"Kizibo, mzee! Kizibo kiko wapi?"

"Kipo hapo hapo. Kila tundu la mashua hii lina kizibo chake cha mti, kimefungwa kwa kamba pembeni. Papasa kulia."

Alipapasa. Mkono wake ukakuta kweli kigingi cha mti kilichochongwa ncha, kimefungwa vizuri, fundo halijaguswa. Hilo nalo likamwingia akilini: aliyekuwa hapa maji yalipoanza kuingia alikuwa na dawa umbali wa kiganja na hakuijua. Akakata kamba. Na vidole vyake vilipokuwa vikirudi, vikanaswa na uzi mwingine, mwembamba, uliozungushwa kwenye shingo ya koki kwa nyuma. Kwenye uzi kulikuwa na kitu kidogo bapa chenye meno. Akauvuta ukakatika, akakifumbata na kukitia mfukoni bila kukitazama.

"Ziba!"

Koleo alivua shati, akakizungushia kizibo, akatwaa nyundo kabatini, akajitumbukiza mpaka nywele. Nyundo ilisikika chini ya maji kwa mlio mzito, na kila pigo pingu nayo iligonga. Alipoibuka alikuwa akihema kama mbwa, akazama tena. Inspekta alishikilia mguu wake ili asichukuliwe na mwinamo. Hakujua yeye mwenyewe ameshikiliwa na nini. Alichojua ni kwamba ile sauti ya maji ikawa nyembamba, ikawa mnong'ono, ikaisha.

Mpini wa pampu waliuchomoa kwenye koki, wakauchomeka mahali pake, na Sajini akapewa kazi ya kupampu. Alipampu kwa bidii na manung'uniko.

Wakiwa wamekaa sitahani, wamelowa chapa chapa, Inspekta alifungua kiganja. Ulikuwa ufunguo wa injini.

Koleo aliugusa kwa ncha ya kidole.

"Nilitaka kukwambia pampu ilipozima," alisema. "Hiyo ndiyo kanuni ya Nahodha. Akifunga koki, anautundika ufunguo wa injini pale pale. Ufunguo unalala chini na koki. Kesho yake akitaka kuwasha, lazima ashuke kuuchukua, na akiuchukua mkono wake uko kwenye koki, anaifungua. Ndiyo maana nikasema hawezi kusahau. Hata akitaka, hawezi."

"Na ule?" Inspekta alionyesha swichi, kile kibao chekundu.

"Wa akiba. Unakaa nyumbani kwake, msumarini, nyuma ya mlango wa jikoni. Nimeuona nikienda kunywa chai."

"Kwa hiyo uliweza kuuchukua."

Koleo akageuka, na ulimi wake ukarudi kazini. "Niuchukue mimi? Niwashe injini bila kufungua koki niliyoifunga kwa mikono yangu, halafu niivunje kwa kuikaza upande usio wake, na kizibo kinanitazama? Niandikie mashtaka ya uuaji, afande, lakini usiniandikie ujinga."

Inspekta alilipima hilo. Fundi mwerevu angeweza kujifanya mjinga ili apoteze watu maboya. Lakini anayetaka kudanganya huweka uongo wake mahali utakapoonekana, na ufunguo huu ulikuwa umefichwa na maji, giza na injini. Ungeachwa hivyo tu, ungeshuka topeni na usingemsaidia mtu. Hapana. Aliyewasha injini hakujua kabisa kwamba kuna safari ya kwanza ya kwenda chini. Na alikuwa na ufunguo uliotoka jikoni.

Wanaoishi katika nyumba ile baada ya Nahodha walikuwa wawili tu, binti yake na mume wa binti. Na binti, dunia nzima ilimsikia mwezi uliopita akimfokea baba yake palepale gatini: "Hiyo mashua itakuja kukuua!"

"Sajini, kaa naye," Inspekta alisema akivaa viatu. "Usimwachie bado. Na usiache kupampu."

Nyumba ilikuwa juu kidogo ya gati, kiasi kwamba dirisha la jikoni liliona boya tupu. Viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa uani, wageni walikuwa wameondoka. Binti wa Nahodha alikuwa akiosha vikombe. Alikuwa mwanamke mrefu, macho yamevimba, anafanya kila kitu pole pole kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni. Mume wake alimkaribisha Inspekta kwa haraka, akamvutia kiti, akaona nguo zake.

"Afande, umelowa! Mke wangu, mtafutie taulo."

"Usihangaike, dada. Sitakaa," Inspekta alisema. Hakutazama nyuma ya mlango. Alijizuia asitazame. "Nimekuja na shida ndogo. Gatini wanataka mashua iondolewe, na yule fundi amenuna, hataki kusema neno. Injini yake inawashwaje? Nimeona ufunguo upo."

Alikuwa akimtazama binti. Kwa sababu hiyo alikaribia kulikosa jibu, kwa kuwa jibu lilitoka upande wa pili.

"Rahisi sana," mume alisema. "Unageuza ufunguo nusu, unangoja kitaa cha njano kizimike, unamalizia. Inakohoa kidogo, usiogope. Mzee alikuwa anafanya hivyo kila mara. Nimemtazama miaka yote hiyo nimekaa pale nyuma kama mzigo," aliongeza, akacheka kicheko kifupi. "Usukani hakunipa hata siku moja. Lakini macho hayalipishwi."

"Unaanzia chini," mkewe alisema, mgongo umewageukia.

"Chini wapi?"

"Kwenye koki. Ufunguo unakaa huko. Baba alinifundisha kabla sijajua kusoma."

"Mimi sijawahi kumwona akishuka."

"Alikuwa anashuka kabla hujapanda. Wewe ulikuwa unafika ameshakuja juu, ufunguo anao mkononi." Aliweka kikombe kwenye kichanja. "Usipoanzia chini unaunguza..."

Hakumaliza. Maji ya bomba yaliendelea kutiririka juu ya mikono yake. Dhana aliyokuja nayo Inspekta ilikuwa imekufa palepale, na alijua kwamba jambo lililobaki halikuwa lake kulisema.

Binti aligeuza shingo, akatazama nyuma ya mlango. Palikuwa na aproni, mfuko wa vitunguu, na msumari mtupu.

"Ufunguo wa akiba uko wapi?" aliuliza.

"Polisi si wanao?" mume akajibu. "Ule uliokuwa kwenye swichi."

"Nani kakwambia uliokuwa kwenye swichi ni ule wa akiba?"

Macho ya mume yalikwenda kwa Inspekta yakiomba msaada, yakarudi.

"Asubuhi ile uliamka," mkewe alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayetafuta kitu gizani na kuogopa kukipata. "Nikakuuliza unakwenda wapi, ukasema dirisha linapiga kelele. Nikalala. Halafu ukarudi kitandani ukanigusa na miguu. Ilikuwa ya baridi, imelowa. Nikakwambia jifute. Unakumbuka? Nilicheka."

"Nilitaka kuizungusha tu," mume alisema. "Niende nayo mpaka kwenye boya la mwisho nirudi, niifunge, nimwambie mzee, unaona? Basi. Hilo tu. Ikaanza kutoa moshi. Nikashuka, nikaona kishikio kile, nikasema labda ndicho. Kilikuwa kigumu, nikatia ule mpini wa pampu. Kikakatika. Maji yakaingia kama... sikujua cha kufanya. Nikachukua kihori nikaja kumwamsha."

"Baba," mkewe alisema.

"Alitoka na viatu hata hajafunga kamba. Nilipiga makasia mimi. Tulipofika akasimama ili apande, kihori kikateleza. Akajigonga kwenye ubavu. Akaenda chini. Nilimwita. Naapa nilimwita. Sijui kuogelea."

Inspekta, ambaye naye hakujua, alitazama pembeni.

"Ukarudi kulala," mkewe alisema.

"Niliogopa."

"Siku mbili unanishika mkono mbele za watu. Mzee Koleo yuko mahabusu, na wewe unaniambia fundi yule ni mzembe."

Mume alikaa kwenye kiti alichomvutia Inspekta, akaiweka mikono magotini.

"Hakunigombeza," alisema baadaye, kama vile hilo ndilo lililokuwa likimlemea kuliko yote. "Kwenye kihori. Nilikuwa nalia, nasema baba nimeiua mashua yako. Akaniambia, usijali, mwanangu, kuna kizibo palepale, kimefungwa kwa kamba, tutaziba mara moja. Akaniita mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza."

Binti wa Nahodha alifunga bomba la maji. Alifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, akatoka uani akakaa kwenye viti vya kuazima, peke yake.

Inspekta alitoa simu. Ilikuwa imelowa lakini ikakubali.

"Sajini, mfungue Koleo pingu. Ndiyo, yote. Mwambie aende nyumbani. Mashua inaendeleaje? Kile kizibo?"

Sauti ya Sajini ilijaza jiko, yenye furaha ya mtu asiyejua yuko wapi: "Kimeshika, afande! Kizibo kimoja tu cha mti. Haliingii hata tone."

Mume aliisikia. Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa meza, na Inspekta akamngoja kidogo kabla ya kumwambia ainuke.